Somo la Afya: Kwa Nini Dawa Iliyotibu Jana Haitibu Leo?

Ndugu wanakamati na wafadhili wetu, katika toleo hili tunaleta somo kuhusu usugu wa bakteria dhidi ya dawa za antibayotiki. Tumelichagua kwa sababu linagusa mfuko wa dawa wa kila zahanati, na kwa sababu maamuzi mengi yanayolihusu hufanywa na watu ambao si madaktari: mama nyumbani, muuza duka la dawa, mfugaji, kamati ya parokia na mfadhili aliye mbali. Kamati inaweza kulisoma katika vikao viwili. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana.

Baada ya somo hili, kila mwanakamati aweze:

1. Kueleza kwa maneno yake jinsi bakteria wanavyokuwa sugu.
2. Kueleza kwa nini kugawa antibayotiki kwa watu wengi wakati wa hofu kunaweza kuleta madhara makubwa.
3. Kutaja mambo matano ambayo parokia inaweza kufanya kwa uwezo wake yenyewe.

Mwili haujazoea dawa

Ukikaa kwenye benchi la wagonjwa katika zahanati yoyote, Mpanda mjini, Inyonga, Usevya au Karema, utasikia maneno haya: "Dawa hii hainisaidii tena, mwili umeshaizoea." Karibu sote tumewahi kuyasema. Lakini si sahihi, na kosa hili dogo la maneno huzaa makosa makubwa ya vitendo.

Anayekuwa sugu ni bakteria, wala si mwili. Tofauti hii ni muhimu sana. Kama mwili wangu ndio uliozoea, basi tatizo ni langu peke yangu, na jirani yangu ambaye hajawahi kumeza dawa hiyo ingemtibu vizuri. Lakini kama bakteria ndiye sugu, anaweza kutoka kwangu akaenda kwa jirani kupitia mikono, maji, chakula au kikohozi. Mtoto mchanga ambaye hajawahi kuonja kidonge hata kimoja anaweza kupata ugonjwa ambao tayari ni sugu. Ndiyo maana jambo hili si la mtu na afya yake tu. Ni la jamii nzima.

Karema kabla ya antibayotiki

Ili kuelewa thamani ya dawa hizi, tukumbuke maisha yalivyokuwa kabla hazijakuwepo. Mkoa wetu una historia inayotusaidia. Adrien Atiman alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, na baadaye akasomea utabibu katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1880, akawatibu watu huko akiwa tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956.

Hebu tuhesabu. Penisilini, antibayotiki iliyofungua njia kwa nyingine, iligunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, na ilianza kutumika kwa wingi katika miaka ya 1940 tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya utumishi wa Atiman, zaidi ya miaka 50, ilipita bila antibayotiki. Wakati huo tabibu mahali popote duniani alikuwa na maji yaliyochemshwa, kisu safi cha kupasulia jipu, dawa za kuoshea vidonda na sala. Kidonda cha jembe kiliweza kumuua mkulima mwenye nguvu. Homa baada ya kujifungua iliacha watoto bila mama. Nimonia ilikuwa bahati nasibu.

Wazee wetu waliishi hivyo. Sisi hatutaki kurudi huko, lakini njia ya kurudi ipo, na tunaitengeneza wenyewe kidogo kidogo.

Fleming mwenyewe alionya mapema. Alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alieleza kwamba mtu anayejitibu kwa penisilini kidogo isiyotosha anaweza kuwafanya vijidudu wawe sugu, kisha akamwambukiza mwenzake vijidudu ambavyo penisilini haiviwezi tena. Dawa ilikuwa bado changa, na onyo lilikwisha kutolewa.

Tunawachagulia mbegu

Sasa tuone jinsi usugu unavyotokea. Bakteria ni kiumbe mdogo sana asiyeonekana bila hadubini. Hana akili ya kujifunza dawa. Silaha yake ni wingi na haraka ya kuzaliana.

Katika mazingira mazuri, bakteria wa tumboni aitwaye *E. coli* anaweza kujigawa mara mbili kila baada ya dakika 20. Akianza mmoja saa 12 jioni, saa 1 usiku watakuwa 8. Saa 4 usiku watakuwa 4,096. Ikifika saa 7 usiku watakuwa zaidi ya milioni 2. Kila anapojigawa, hunakili vinasaba vyake, yaani maelekezo ya namna ya kuishi yanayorithiwa. Na kama mwandishi anayenakili kitabu kirefu usiku kucha, mara chache hukosea herufi. Makosa mengi hayana faida, na mengine humuua. Lakini kati ya mamilioni, anaweza kutokea mmoja ambaye kosa lake linamsaidia kuvumilia dawa.

Bila dawa, huyo mmoja hana cheo chochote. Amezungukwa na wenzake wengi wanaogombea chakula naye. Lakini antibayotiki ikiingia, wenzake wote dhaifu wanakufa. Yeye anabaki peke yake katika shamba tupu, anakula na kuzaa. Baada ya muda, wote waliopo ni watoto wake.

Mkulima wa Katavi anaijua kazi hii vizuri. Baada ya mavuno ya mahindi, huchagua magunzi bora, huyaning'iniza juu ya moshi jikoni, na mwaka unaofuata hupanda mbegu hizo. Miaka ikipita, shamba lote hufanana na mbegu aliyoichagua. Kila tunapotumia antibayotiki tunafanya vivyo hivyo kwa bakteria: tunawaua dhaifu na kubakiza sugu. Tunawachagulia mbegu. Dawa ikitumika kwa sababu ya kweli, hasara hiyo inalipwa kwa maisha yaliyookolewa. Ikitumika bila sababu, tumechagua mbegu mbaya na hatukupata chochote.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: dawa haiendi kwa bakteria wa ugonjwa peke yake. Tumboni na kwenye ngozi zetu wanaishi mabilioni ya bakteria wasiotudhuru, na wengine wanatusaidia. Ukimeza antibayotiki kwa ajili ya mafua, ambayo husababishwa na virusi na hayatibiwi na antibayotiki kabisa, mafua hayaguswi, lakini bakteria wa tumboni wanachujwa. Wanaobaki ni wale wagumu.

Silaha nne za bakteria sugu

Wataalamu wameeleza njia kuu nne ambazo bakteria hutumia kujikinga:

1. Kuivunja dawa. Hutengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa kabla haijafanya kazi. Hivyo ndivyo bakteria wengi wanavyoishinda penisilini, ampisilini na amoksilini.
2. Kuitoa nje. Huwa na pampu ndogo kwenye ukuta wake, inayosukuma dawa nje kama mtu anayechota maji kwenye mtumbwi unaovuja. Hii ni njia mojawapo ya kuishinda tetrasaiklini.
3. Kufunga mlango. Hupunguza vitundu ambavyo dawa hupitia kuingia ndani.
4. Kubadilisha shabaha. Dawa hulenga sehemu fulani ya bakteria, kama ufunguo na kufuli. Bakteria akibadilisha kufuli, ufunguo haufai tena.

Usugu hupitishwa kwa jirani

Kama bakteria wangerithishana usugu kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto tu, tatizo lingekuwa dogo. Lakini wanayo njia nyingine. Bakteria wengi wana kipande kidogo cha vinasaba chenye umbo la duara, kinachoitwa plasmidi. Bakteria mmoja akigusana na mwingine anaweza kumpa nakala ya plasmidi hiyo, hata kama si wa aina moja. Ni kama jirani anayempa mwenzake ufunguo juu ya uzio.

Wataalamu wa Japani waligundua jambo hili katika miaka ya 1950, walipokuwa wakitibu ugonjwa wa kuhara damu. Waliona bakteria sugu kwa dawa kadhaa kwa wakati mmoja, na wakathibitisha kwamba usugu huo wote ulihama kwa pamoja kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine. Kwa hiyo bakteria wa tumboni asiyedhuru, aliyekuwa sugu kwa sababu ya vidonge vya mafua, anaweza siku moja kumpa usugu wake bakteria wa kuhara au wa homa ya matumbo.

Funzo la kipindupindu, 1977

Sasa tufike kwenye mfano uliotokea hapa hapa Tanzania, ambao kila kamati ya parokia inapaswa kuujua.

Mwezi Oktoba 1977 kipindupindu kililipuka nchini. Ulikuwa mlipuko wa nne. Mwanzoni, bakteria wote wa kipindupindu waliopimwa maabara walikufa kwa tetrasaiklini. Dawa ilikuwepo, ilikuwa rahisi, na hofu ilikuwa kubwa. Basi ikatumika kwa wingi: kwa wagonjwa, na pia kwa watu wasioumwa ili kuwakinga. Katika miezi mitano zilitumika kilo 1,788 za tetrasaiklini. Tukizigawa katika vidonge vya miligramu 250, hivyo ni vidonge zaidi ya milioni 7.

Baada ya miezi hiyo mitano, asilimia 76 ya bakteria waliopimwa walikuwa sugu kwa tetrasaiklini. Hii haikuchukua kizazi wala miaka kumi. Ilichukua muda unaokaribiana na msimu mmoja wa mahindi, kutoka kupanda hadi kuvuna. Mtaalamu wa Kitanzania Fred Mhalu na wenzake waliandika habari hizi katika jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 1979, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba bakteria hao walikuwa wamebeba plasmidi za usugu.

Tuelewane vizuri. Waliogawa dawa zile hawakukosa huruma wala akili. Waliona watu wanakufa na walikuwa na kidonge mkononi. Nani kati yetu angekaa kimya? Lakini kuna mambo mawili ya kuzingatia.

Kwanza, kinga ya kidonge ni ya muda mfupi mno. Mtu akimeza leo na keshokutwa akanywa maji yale yale machafu, anaweza kuugua. Pili, kinachomuua mgonjwa wa kipindupindu ni kuishiwa maji na chumvi mwilini. Dawa kuu ni kurudisha maji hayo, kwa ORS ya kunywa au kwa dripu kwa mgonjwa aliyelegea. Antibayotiki ni msaidizi tu, kwa mgonjwa anayestahili kwa maelekezo ya mtaalamu. Leo Shirika la Afya Duniani halishauri kugawa antibayotiki kwa jamii nzima ili kuzuia kipindupindu.

Funzo hili linatuhusu moja kwa moja. Mkoa wetu unagusa Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Kambi za wavuvi, mashamba ya mpunga na machimbo madogo ya dhahabu hukusanya watu wengi mahali ambapo vyoo ni vichache na maji ni ya kuchota. Siku taarifa ya kuhara na kutapika itakapofika parokiani, mtu atasimama na kusema, "Tununue vidonge, tugawe kila nyumba." Mwanakamati aliyesoma somo hili asimame pia. Aseme: tununue pakiti za ORS, dawa ya kutibu maji, sabuni na ndoo zenye bomba, na tutoe taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya leo hii.

Kama pakiti za ORS hazijafika, mgonjwa asisubiri. Lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe vya kusawazishwa juu. Anywe kidogo kidogo huku akipelekwa kituoni.

Klorokwini ilitufundisha jambo lile lile

Wengi wetu tunaikumbuka klorokwini, uchungu wake na mwasho wake. Ilitibu malaria kwa miaka mingi, kisha ikashindwa. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha na kuweka dawa ya SP kuwa ya kwanza kwa malaria ya kawaida. Muda haukupita mrefu SP nayo ikadhoofika, na mwishoni mwa mwaka 2006 tukaanza kutumia dawa ya mseto, ALu.

Vimelea vya malaria si bakteria, lakini kanuni ni moja. Dawa mbili ziliondolewa mbele ya macho yetu. Kila iliyofuata ilikuwa ghali kuliko iliyotangulia.

Hali ya nyumbani kwetu

Tujichunguze bila kulaumiana. Fungua droo ya mezani au kopo lililo juu ya kabati. Mara nyingi utakuta bahasha ndogo ya dawa iliyoandikwa 1×3, ikiwa na vidonge vinne vilivyobaki. Mwandishi wa somo hili naye alikuwa na bahasha ya namna hiyo, na alimpa mtoto aliyekuwa akikohoa, akidhani anafanya wema. Hizi ndizo njia tunazowachagulia bakteria mbegu kila siku:

- Kununua "rangi mbili" chache dukani, kadiri ya fedha iliyopo mfukoni, badala ya dozi.
- Kufungua kapsuli na kumwaga unga wake juu ya kidonda.
- Kumeza dawa aliyoandikiwa mtu mwingine.
- Kutaka antibayotiki kwa mafua, au kwa kuhara kwa kawaida kwa mtoto. Mtoto anayeharisha bila damu, na ambaye si mgonjwa wa kipindupindu, mara nyingi anahitaji ORS na vidonge vya zinki, wala si antibayotiki.
- Kukasirika pale kipimo cha haraka kinapoonyesha hakuna malaria, na kudai dawa nyingine. Tafiti, zikiwemo za Tanzania, zimeonyesha kwamba baada ya vipimo hivi kuenea, wagonjwa wengi wasio na malaria walianza kupewa antibayotiki badala yake, hata pale ambapo hazikuhitajika.

Kuhusu maduka, nchi yetu imepiga hatua. Mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, kisha ukaenea nchini. Watoa dawa hupewa mafunzo, na antibayotiki kadhaa zinaruhusiwa kuuzwa humo kwa cheti cha mtaalamu. Lakini muuzaji naye ana kodi ya pango ya kulipa. Mteja akilazimisha vidonge vinne na yeye akikataa, mteja atavuka barabara. Tusimtwike mzigo huu peke yake wakati wateja ni sisi.

Tusisahau mifugo. Ng'ombe wengi wameingia mkoani kwetu na wafugaji, na josho au afisa mifugo huwa mbali. Mfugaji hununua oksitetrasaiklini na kuchoma sindano mwenyewe kwa kukisia uzito. Wengine huchanganya dawa kwenye maji ya kuku ili wasiugue. Bakteria sugu hutoka kwa mnyama na kumfikia binadamu kupitia nyama isiyoiva, maziwa mabichi, kinyesi na maji ya mto. Aidha, maziwa na nyama ya mnyama aliyechomwa sindano havifai kuliwa hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite.

Nani analipa gharama?

Anayelipa kwanza ni mdogo na maskini. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa watoto waliolazwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili wakiwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu. Miongoni mwa walioambukizwa bakteria wa kundi la *E. coli* na jamaa zake, kiwango cha vifo kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha watoto waliolazwa kwa malaria. Na mtoto aliyepewa dawa ambayo bakteria wake alikuwa sugu kwayo alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Kwa dunia nzima, wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu.

Tuilete hesabu hii Katavi. Mama anajifungua kwa upasuaji Mpanda na kidonda kinaoza. Dawa ya kwanza inashindwa, na ya pili inashindwa. Ya tatu haipo, au ipo Mbeya au Mwanza, na bei yake ni mbuzi wawili kwa siku. Hapo familia huuza shamba. Usugu haumuui mgonjwa tu. Unaiacha nyumba nzima katika umaskini.

Je, ni lazima kumaliza dozi?

Swali hili huulizwa sana. Jibu ni: tumia dawa kama ulivyoelekezwa na mtaalamu, kipimo chote na siku zote alizoandika. Usikatishe kwa sababu umepata nafuu, na wala usiongeze siku zako mwenyewe ukidhani nyingi ni bora. Wataalamu siku hizi wamefupisha dozi za magonjwa kadhaa, kwa sababu dawa ikizidi inachuja bakteria bila faida.

Kifua kikuu ni jambo la pekee. Tiba yake ya kawaida ni miezi 6, na kukatisha ni hatari kubwa. Tanzania ilianza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009 katika hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, na wakati huo mgonjwa alihitaji matibabu ya mwaka mmoja na nusu au zaidi, pamoja na sindano za miezi mingi. Kila parokia iwajue wagonjwa wake wa kifua kikuu na iwasindikize hadi mwisho, kwa chakula, nauli na kutembelewa.

Kamati ya parokia ifanye nini?

1. Maji na sabuni kwanza. Ugonjwa uliozuiwa hauhitaji dawa. Zahanati isiyo na maji kwenye chumba cha kujifungulia inazalisha wagonjwa wa antibayotiki.
2. Chanjo. Tangu mwaka 2013 watoto wa Tanzania hupata chanjo za nimonia na za kuhara kwa virusi vya rota. Jumuiya ndogo ndogo ziwafuatilie watoto waliokosa.
3. Dozi kamili. Kama kuna mfuko wa kuwasaidia maskini, ulipie dozi nzima ya mtu mmoja badala ya nusu dozi ya watu wawili.
4. Tangazo la mwezi. Baada ya ibada, mtoa huduma wa afya apewe dakika tano kueleza jambo moja tu. Kwa mfano: mafua hayatibiwi kwa antibayotiki.
5. Kuwaunga mkono wanaokataa. Mganga au muuza duka akikataa kutoa dawa isiyohitajika, kamati isimshtaki. Imshukuru mbele za watu.

Neno kwa wafadhili wetu

Tunajua kwamba sanduku la dawa ni zawadi inayoonekana. Lina picha nzuri. Hata hivyo tunaomba mtusikilize. Antibayotiki zinazoletwa bila kuombwa, zilizobakiza miezi michache kabla ya kuisha muda, au zenye maandishi yasiyosomeka kwetu, huishia kutumika kwa sababu tu zipo. Miongozo ya kimataifa ya misaada ya dawa, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1996, inasema dawa ziwe zimehitajiwa, ziwe kwenye orodha ya taifa, na zinapofika ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda.

Msaada unaolinda dawa haupigiki picha kwa urahisi: kisima, tanki la kuvunia maji ya mvua, choo cha wodi, hadubini, vitendanishi vya maabara, nauli ya sampuli kwenda hospitali kubwa, mafunzo ya mwezi mmoja kwa mteknolojia. Mganga anayeweza kupima hapigi risasi gizani. Serikali nayo imeweka Mpango Kazi wa Kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, wa kwanza wa mwaka 2017 hadi 2022 na wa pili wa mwaka 2023 hadi 2028. Tungependa fedha zenu zitembee pamoja na mipango hiyo.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, watu hupata wapi antibayotiki bila cheti? Kwa nini wanakwenda huko badala ya zahanati? Ni umbali, foleni, gharama, au lugha wanayojibiwa?
2. Kipindupindu kikizuka leo katika eneo letu, nani atatoa taarifa, na fedha ya kwanza itanunua nini?
3. Ni wagonjwa wangapi wa kifua kikuu tunaowafahamu? Nani anawatembelea?
4. Tuwaite wafugaji wawili na mkulima mmoja. Wao wanaelezaje kupe wanaokataa kufa kwa dawa ya josho? Je, wanaona kwamba jambo hili ni lile lile?
5. Kila mwanakamati atazame kopo la dawa nyumbani kwake kabla ya kikao kijacho. Vidonge vilivyobaki virudishwe zahanati ili viteketezwe vizuri.

Ndugu wasomaji, wazee wa Karema walitibiwa kwa maji ya moto na uvumilivu. Sisi tumepewa dawa ambazo hawakuwa nazo. Ni mali ya urithi, na mali ya urithi hutunzwa ili wajukuu waikute. Mkishafanya kikao, tuandikieni mlichokubaliana, na hasa mlichoshindwa kukubaliana, ili tukijibu katika toleo lijalo.